Mizani ni Mahubiri

UKURASA WA NENO

Kitabu chetu cha mwaka kimefika tena mikononi mwenu na habari zake za ndoa, za watoto waliozaliwa, za waliofaulu mitihani na za wale waliotutangulia. Kama ilivyo desturi, wahariri wameniachia kurasa chache za Neno. Miaka iliyopita nilizoea kuchagua fungu la Maandiko kwanza, kisha nikatafuta maisha ya kulieleza. Safari hii vijana ndio walionipa kazi. Waliniuliza hivi: “Mzee, nyumbani tulihubiri stendi ya mabasi, hospitalini na shuleni. Hapa Guangzhou tumefungwa mdomo. Je, sisi tungali wanafunzi wa Yesu, au tumekuwa wafanyabiashara tu wanaokwenda kanisani?”

Swali hilo ni zito, na halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Kwa hiyo kurasa zote nilizopewa mwaka huu nazitumia kulijibu.

Kwa ajili ya watoto waliozaliwa ugenini, na jamaa waliokwisha kuhamia kwingine, nieleze kwanza mahali penyewe. Huanshi Zhonglu ni kipande cha kati cha barabara kuu inayokatiza upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Guangzhou, katika wilaya ya Yuexiu, sambamba na reli itokayo stesheni kuu. Hapo pana jengo la Tianxiu, nambari 300, ambalo wafanyabiashara wa Afrika wamelijua kwa zaidi ya miaka ishirini. Karibu yake ni mtaa wa Xiaobei, yaani Kaskazini Ndogo, ambako treni ya chini ya ardhi, njia ya 5, ilianza kusimama tarehe 28 Desemba 2009. Yale Maonyesho makubwa ya Biashara yaliyoanza mwaka 1957 yalikuwa yakifanyika Liuhua, mwendo mfupi tu kutoka hapo, tangu 1974 hadi yalipohamia Pazhou mwaka 2008. Basi ndipo wengi wetu tulipofikia na mabegi yetu, tukitafuta viatu, simu, vitenge, vigae na mablanketi. Ndipo pia ulipoweza kusikia katika lifti moja Kiswahili cha Kariakoo, cha Mombasa, cha Unguja, cha Goma na cha Lubumbashi, kila mtu akibonyeza kalkuleta yake.

Jirani zetu Waislamu wana jambo la kujivunia katika mji huu. Siku ya Ijumaa huenda kuswali katika msikiti ulio karibu na bustani ya Yuexiu, ambako masimulizi ya wenyeji husema amezikwa Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume wao. Nimewaona wengi wakifunga ofisi kwa wakati, hata mteja akiwa mlangoni na fedha mkononi. Hilo nalo ni fundisho kwetu Wakristo, ambao Jumapili twaweza kuchelewa ibada kwa sababu ya kontena moja.

Sasa turudi kwenye swali. Kanuni za China juu ya ibada za wageni zilitolewa tarehe 31 Januari 1994. Sheria ya mambo ya dini ikakazwa kuanzia tarehe 1 Februari 2018, na maelezo mapya ya utekelezaji kwa wageni yakaanza tarehe 1 Mei 2025. Kwa kifupi zasema hivi: mgeni anaruhusiwa kuhudhuria ibada katika nyumba za ibada zilizoandikishwa. Wageni wakitaka kuabudu wao kwa wao, sharti wakusanyike mahali palipokubaliwa na wakuu. Mgeni hahubiri ila kwa mwaliko wa chombo cha dini cha Wachina wenyewe. Hana ruhusa ya kuwaingiza raia wa China katika dini yake, wala ya kuwagawia vitabu vya dini.

Wapo wanaosoma kanuni hizo wakaona kwamba Injili imefukuzwa. Mimi nawaomba watazame nyuma. Robert Morrison, Mprotestanti wa kwanza kuja kuhubiri katika nchi hii, alifika Guangzhou mwezi wa Septemba 1807. Wakati huo wageni waliruhusiwa kukaa katika maghala yao kando ya mto tu, na Mchina aliyemfundisha mgeni lugha aliweza kupoteza kichwa chake. Hakuwa na mimbari. Ili apate kukaa, tangu 1809 ilimbidi kufanya kazi ya kutafsiri katika kampuni ya biashara ya Waingereza. Alifariki hapa Guangzhou tarehe 1 Agosti 1834, na watu aliowabatiza katika miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Lakini alikuwa ameandika kamusi, na pamoja na mwenzake William Milne walikuwa wamemaliza kuitia Biblia nzima katika Kichina, ikachapwa mwaka 1823. Kazi yake kubwa ilifanyika mezani, kwa kalamu.

Wanaoijua historia ya pwani yetu watakumbuka jambo linalofanana na hilo. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka uo huo. Mwenzake Rebmann alikuja 1846, akaishi kwetu miaka 29 bila kuona umati wa waumini. Hao wote wangeulizwa hesabu ya watu waliookoka kwa kila mkutano, kama tunavyoulizana siku hizi, wangeona haya kujibu. Hata hivyo, sisi tu matunda ya kazi yao.

Lakini yule ninayependa vijana wamkumbuke zaidi ni Liang Fa. Huyu alikuwa Mchina, fundi wa kuchonga vibao vya mbao vya kuchapia vitabu. Aliajiriwa kuchonga vibao vya Agano Jipya la Morrison. Hakuitwa kwenye mkutano, wala hakusikia kinanda wala kwaya. Alishika patasi, akachonga herufi moja baada ya nyingine, nazo sharti zichongwe kinyume ili zikipigwa chapa zisomeke sawa. Akabatizwa na Milne huko Malaka mwaka 1816. Alipochapa kijitabu chake mwenyewe cha kuwafundisha jirani zake, alikamatwa akapigwa viboko vya mianzi, na vibao vyake vikateketezwa. Hakuacha. Ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa kwanza wa Kiprotestanti miongoni mwa Wachina, hata alipofariki mwaka 1855. Angalieni basi, wapendwa: Neno lilimwingia Liang Fa kupitia mikono yake, akiwa kazini, akilipwa ujira wa fundi.

Aidha, yatupasa kuelewa kwa nini wenyeji wetu ni waangalifu na wahubiri wa kigeni. Wengi wetu tumeingia katika kanisa kuu la Kikatoliki hapa mjini, lile la mawe ya matale ambalo wenyeji huliita Shishi, maana yake Nyumba ya Mawe. Lilijengwa tangu 1863 hadi 1888, na minara yake miwili inafika karibu mita 58. Likafungwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, likafunguliwa tena mwaka 1979. Kwa miaka mingi imekuwapo Misa ya Kiingereza siku ya Jumapili, nayo imejaa Waafrika. Lakini uwanja ule ulikuwa wa jumba la gavana mkuu wa jimbo, lililobomolewa katika vita vya pili vya kasumba, na Wafaransa wakaupata kwa nguvu ya mizinga. Mchina anayepita nje ya ukuta ule na kuikumbuka habari hiyo, haoni minara peke yake.

Sisi tunalielewa jambo hilo. Kule Unguja, jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi 1873 juu ya uwanja ambao watu walikuwa wakiuzwa kama mbuzi. Kwetu kanisa lilijengwa juu ya jeraha ili kulifunga. Hapa lilijengwa juu ya jeraha lingine, na aliyejenga alikuwa upande wa aliyejeruhi. Ni vema kuyajua haya kabla ya kulalamika kwamba hatukupewa kipaza sauti.

Jambo jingine lapaswa kutupa unyenyekevu. Makanisa ya Kiprotestanti yaliyoandikishwa hapa yamo katika Mwendo wa Nafsi Tatu, ambao kamati yake iliundwa rasmi mwaka 1954. Nafsi hizo tatu ni kujitawala, kujitegemea na kujieneza. Wako wanaodhani maneno hayo yalitungwa na wanasiasa. La, hasha! Yalifundishwa katika karne ya 19 na Henry Venn, katibu wa chama cha CMS huko London, chama kile kile kilichomtuma Krapf Mombasa, na pia na Rufus Anderson wa Marekani. Na sisi Waafrika ya Mashariki tuliyasema kwa lugha yetu. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Kenya aliomba wamisionari na fedha zao wasimame kwa muda ili makanisa yetu yasimame kwa miguu yake. Neno la kanisa lake lilikuwa Jitegemea. Basi mtu wa Jitegemea akifika Guangzhou, hapaswi kustaajabu akiambiwa na Mchina kwamba watu wake watahubiriwa na watu wake. Sisemi kwamba kila jambo linalofanywa na serikali juu ya makanisa ni jema. Katika mji huu huu Mchungaji Lin Xiangao, aliyeitwa pia Samuel Lamb, alifungwa kwa zaidi ya miaka ishirini kwa ajili ya imani yake, akatoka akaendelea na kanisa la nyumbani hadi alipofariki mwaka 2013. Ninalosema ni hili: watu ambao wamelipa bei ya namna hiyo hawana haja ya kufundishwa ujasiri na wageni wa viza ya miezi michache.

Je, baada ya hayo yote, tumebakiwa na nini? Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Katika kundi la kuku wa rangi nyingi, yule mweupe ndiye anayeonekana na kila mwewe na kila mpita njia. Ndivyo tulivyo katika Huanshi Zhonglu. Mwenye duka hakumbuki wateja wake wote, lakini wewe anakukumbuka. Anakumbuka kama ulirudi kumaliza deni. Anakumbuka kama uliahidi katoni mia ukachukua kumi. Mdomo wako umewekewa mpaka, bali maisha yako yanasomwa toka asubuhi hata jioni. Kwa hiyo nawajibu vijana: mimbari mnayo. Imo katika mizani, katika ankara, katika stakabadhi na katika neno mliloahidi.

Kumbukeni habari za Lidia katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Alikuwa mtu wa Thiatira akiishi Filipi, mji usio wake, akiuza nguo za rangi ya zambarau. Ni mwenzetu kabisa! Huko Filipi mahali pa sala palikuwa kando ya mto, nje ya lango, na ndipo Paulo alipomkuta. Tunachoelezwa alifanya baada ya kubatizwa ni kwamba alifungua mlango wa nyumba yake. Kumbukeni pia Akila na Prisila, waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio wakaenda Korintho kushona mahema. Kanisa la kwanza lilipita katika njia za biashara, mikononi mwa watu wenye mizigo, wasio na vibali vya kudumu. Basi hali yetu si ngeni katika Maandiko.

Sasa niseme wazi habari za mizani, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Mama mmoja ana kibanda Kariakoo, au Gikomba, au Kikuubo. Amekusanya akiba ya kikundi chao, akatuma kwa simu kwa kijana asiyewahi kumwona, eti kwa sababu ameambiwa ni mtu wa kanisa. Kijana yule sasa ana uwezo mkubwa kuliko mchungaji yeyote. Akitaka, atamwandikia bei isiyo ya kiwandani. Atachukua kamisheni kwa mama na nyingine kwa mwenye kiwanda, kila mmoja asijue. Atamnunulia viatu vya daraja la tatu akampelekea picha za daraja la kwanza. Atabandika lebo za kampuni ambayo haikuviona viatu hivyo. Mzigo utakaa baharini majuma kadhaa, na ukifunguliwa Dar es Salaam au Mombasa, ni nani atakayerudi Guangzhou kudai?

Halafu kuna habari ya ankara mbili. Moja ni ya kweli, nyingine ni ya kuwaonyesha watu wa forodha. Ndugu wengi wataniambia, “Mzee, kila mtu anafanya hivyo, na ushuru wenyewe ni mkubwa.” Najua. Lakini yule anayeandika uongo siku ya Jumatatu, Jumapili aimbe kwa mikono miwili juu, amehubiri mahubiri mawili katika juma moja. Mwenye duka Mchina hakusikia yale ya Jumapili. Yale ya Jumatatu aliyaona kwa macho yake, tena aliombwa ayapige muhuri.

Wazee wetu wa Uamsho walilijua jambo hili. Moto ule uliowaka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, haukupimwa kwa kelele. Watu waliouguswa walirudisha ng'ombe walioiba, wakalipa madeni ya zamani, wakapeleka kwa waajiri vitu ambavyo hakuna aliyejua kuwa vilipotea. Maofisa wa serikali walistaajabu kuona raia analeta kodi ambayo hakuna aliyemdai. Kabla yao, Zakayo wa Yeriko, mtu wa ushuru, aliposhuka mtini hakutoa hotuba. Alitaja hesabu: nusu ya mali, na mara nne kwa aliyedhulumiwa. Naona kwamba wokovu ukimfikia mfanyabiashara, hauna budi kuonekana katika daftari lake.

Nina mifano miwili, nami nitaificha majina. Dada mmoja alifungua mzigo wake bohari akakuta katoni 12 za mablanketi zilizozidi. Kiwanda kilikosea kuhesabu. Wenzake wakamwambia ni baraka. Yeye akakodi gari kwa fedha yake, akazirudisha. Mwenye kiwanda, mwanamke wa makamo, akadhani amekuja kugomba, akatoa kalkuleta tayari kwa ubishi. Alipoelewa, alinyamaza, kisha akaweka kalkuleta chini akamletea kiti na chai. Hapakuwa na hotuba. Dada yule alisema kwa Kichina chake kibovu kwamba kwao hesabu ya mwenzako hailiwi.

Mfano wa pili hauna chai. Ndugu mmoja alikataa kumwandikia mteja wake mkubwa ankara ya uongo. Mteja akahamia kwa wakala mwingine siku ile ile, akawavuta na wengine watatu. Ndugu yule alimaliza mwaka na madeni, akashindwa kulipa pango la ofisi, akarudi nyumbani na begi moja. Hakuna mteja aliyemrudia, wala hakuna aliyempongeza. Nayaandika haya kwa makusudi, maana siku hizi wako wahubiri wanaotuambia kuwa uaminifu ni mbegu ya utajiri. Huenda ikawa, huenda isiwe. Msalaba haukuwa biashara yenye faida siku ile ya Ijumaa. Anayekuwa mwaminifu ili apate wateja wengi zaidi, huyo bado anapiga hesabu, hajaanza kuamini. Mimi namhesabu ndugu yule aliyerudi na begi moja miongoni mwa wahubiri wakubwa waliopita Huanshi Zhonglu.

Kuhusu ibada, twaweza kusema mengi, nitasema machache. Watu wengi hulalamika kwamba kusali katika lugha ya wengine ni kama kula chakula kisicho na chumvi. Ni kweli, sala katika Kichina au Kiingereza haishuki moyoni kwa upesi. Lakini kuna neema yake. Unapokaa katika benchi la nyuma huelewi neno, ukamwona bibi wa Kichina akipiga magoti kwa shida, unatambua kwamba Mungu hakuzaliwa kijijini kwenu. Hali kadhalika, jukumu la Kiswahili limerudi mahali pake pa kwanza, yaani mezani na kitandani. Ikiwa watoto wetu watamjua Mungu kwa lugha ya bibi zao, ni sisi tutakaowafundisha, kabla ya kula na kabla ya kulala. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imo katika kabati za wengi wetu. Isifunguliwe tu mtu anapokufa.

Hatimaye, imani. Wengi wa wasomaji hawahitaji kukumbushwa mwezi wa Aprili 2020. Kwa kuhofia ugonjwa wa Korona, Waafrika katika mji huu walilazimishwa kupimwa na kutengwa, hata wale ambao hawakuwa wamesafiri. Baadhi walitolewa katika nyumba walizopanga na kulipia, hoteli zikawakataa, wakalala nje na mizigo yao. Hesabu ya wakuu wa mji wakati huo ilikuwa ya Waafrika zaidi ya 4,500. Mabalozi wa nchi zetu huko Beijing waliandika barua kulalamika, na baadaye jimbo likatoa maagizo ya kukataza ubaguzi. Hayo yamo katika kumbukumbu za dunia. Yasiyomo ni nani alimfungulia nani mlango usiku ule.

Wako waliofungua, wakijua kwamba huenda na wao wangetolewa. Wako Waislamu waliowapa Wakristo chakula, na Wakristo waliowapa Waislamu. Wako Wachina waliowaletea wale waliokuwa barabarani mikate na maji, bila kujua hata majina yao. Na wako waliozima taa wakajifanya hawamo. Sitawahukumu, kwani hofu ni mzigo mzito na kila mtu alikuwa na watoto. Lakini watoto wale waliona. Mtoto aliyemwona baba yake akimpisha mgeni kwenye godoro amefundishwa somo la Lidia, na hatalisahau hata akizeeka.

Tangu wakati ule wengi wameondoka, na waliobaki Xiaobei ni wachache kuliko zamani. Familia zetu zimetawanyika, na ndiyo maana kitabu hiki kinapelekwa sasa katika miji mingi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Popote mlipo, nawaachia mambo matatu ya kufanya kabla kitabu cha mwaka ujao hakijachapwa. La kwanza, kila mwenye kushika fedha za mtu mwingine aketi na daftari lake jioni moja, afunge mlango, ahesabu mbele za Mungu, na kilicho cha mwenzake akirudishe, hata kama mwenyewe hajui. La pili, katika kila nyumba pasipite juma bila sala ya Kiswahili ambayo mtoto ndiye anayeiongoza. La tatu, kila familia itafute mgeni mmoja aliyefika karibuni asiye na mtu, wa imani yoyote, impe chakula cha jioni bila kumdai chochote, hata kuhudhuria ibada asidaiwe.

Vijana wangu, hilo ndilo jibu langu. Mkiwa na mimbari siku moja, ihubirini kweli. Msipokuwa nayo, msikae mkaomboleza, maana mzigo utakaopakiwa kesho asubuhi una uzito wake wa kweli, nanyi ndio mtakaouandika.

Mungu wa Akila na Prisila awalinde njiani, awape mkate wa halali, na azibariki kazi za mikono yenu. Bwana asifiwe.